Maswali Yenu: Sola Inakuja Kijijini, Tumuulize Nani?

Tangu TANESCO ianze mradi wa sola wa Kishapu, Shinyanga (megawati 150 kwa jumla, awamu ya kwanza 50), barua zenu zimejaa paneli. Leo najibu tano.

Umeme ukizalishwa hapa kwetu, si sisi ndio tutawashiwa kwanza?

Si lazima, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Umeme wa shamba kubwa la paneli huingia gridi ya Taifa: unatoka kwenye paneli, inveta (mashine za kubadili umeme) zinaugeuza uwe wa aina ya gridi, transfoma inaukuza msongo, kisha unaondoka na laini kubwa. Laini hiyo haiungwi waya wa nyumbani kama bomba la maji. Ili nyumba yako iwake, zinatakiwa nguzo, laini ndogo na transfoma ya kijiji, kazi ambayo vijijini kwa kawaida iko chini ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini. Kwa hiyo mkutanoni msiulize "tutapata umeme?", maana mtaambiwa ndiyo, mpige makofi, muondoke. Ulizeni nguzo za kijiji zimo kwenye bajeti ya nani, mwaka gani. Jibu liingie kwenye muhtasari.

Mwenyekiti anasema ardhi ameshampa mwekezaji. Anaweza?

Peke yake, hawezi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, uhamisho wa ardhi ya kijiji lazima ufike mkutano mkuu wa kijiji. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, Waziri anaamua baada ya kupata mapendekezo yenu. Pimeni wenyewe: kituo cha Garissa, Kenya, chenye megawati 50 na ushee, kimekaa kwenye hekta 85 hivi. Maana yake uamuzi wa mradi wa ukubwa huo unaweza kuishia mikononi mwenu. Tena ardhi haihamishwi kabla ya kukubaliana fidia ni ya aina gani, kiasi gani, italipwaje na lini. Serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma ni njia nyingine, ila nako fidia ipo.

Ni kweli paneli zinafukuza mvua?

Hapana. Mvua ikinyesha, hata hivyo, maji yanamwagika kwa mstari kwenye ukingo wa kila paneli, na pasipo mitaro hukata makorongo hadi kwenye shamba la jirani. Ulizeni mitaro.

Vijana wetu wataajiriwa?

Wakati wa ujenzi, ndiyo: kuchimba, kufunga vyuma, kubeba, kupika. Ukiisha, wanabaki walinzi, wafyeka nyasi, wasafisha paneli na mafundi wachache. Atakayewaahidi mamia ya ajira za kudumu, mwombeni aandike na asaini.

Mimi ni afisa jamii wa mradi wa sola. Naitisha mikutano, watu hawaji, halafu mtaani nasikia uvumi. Nifanyeje?

Unaitisha saa ngapi? Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha namna hiyo saa nne asubuhi, msimu wa kulima. Tulikuwa kumi na wawili, wanne kati yetu wageni. Nenda siku ya mnada, watu wako pale tayari. Kaa na akina mama peke yao. Barabara ya kwenda kisimani ikifungwa, wao ndio watakaozunguka. Wafugaji waonyeshe uzio utakapopita kwa kutembea nao, kwa sababu ramani ukutani haimwambii mtu ng'ombe wake watapita wapi. Mwenye kuzungumza Kisukuma azungumze Kisukuma.

Na usisubiri uwe na habari njema. Malipo ya fidia yakichelewa, sema yamechelewa na useme kwa nini, kabla mwenye duka hajawapa sababu yake. Kenya, mradi wa upepo wa megawati 60 wa Kinangop ulifutwa mwaka 2016 baada ya wenyeji kuupinga. Ardhi ilikuwa kiini cha mgogoro.

Mwisho, nunua daftari la malalamiko, liwe ofisi ya mtendaji wa kijiji. Kila lalamiko lipewe namba na tarehe ya kujibiwa, hata la mama ambaye kuku wake wamekanyagwa na lori. Hilo la kuku lijibu kwanza.