Koki ikilia kama kengele, ndiyo nzuri?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi wa kulehemu, Ludewa. Huku kila siku tunasikia habari za chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mjomba wangu, aliyewahi kufanya kazi ya kusubu vyuma, anasema koki huijui mpaka uigonge: ikilia kama kengele, itie tanuruni. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba hajakudanganya, ila kakupa nusu. (Wasomaji wengine, koki hii si ya bomba la maji, ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka gesi na lami vikatoka.) Kipande kizuri kina rangi ya kijivu cha fedha, na kweli kinalia. Lakini unakigonga kikiwa baridi.

Ndani ya tanuru kubwa, madini ya chuma na chokaa vikishuka chini hulegea na kuyeyuka. Kinachobaki kigumu ni koki peke yake. Ndiyo inayobeba mzigo wote wa juu, na katika mianya yake hewa ya moto hupanda, chuma kikidondoka. Ikisagika, mianya inaziba, tanuru linakosa pumzi.

Miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi Donetsk, nilianza na pipa la kupimia ugumu wa koki: kilo 50 za koki, mizunguko 100 kwa dakika 4, kisha chekeche. Vipande vinavyozidi milimita 40 ni sifa. Unga wa chini ya milimita 10 ni aibu. Siku ya kwanza niliokota vipande vinavyong'aa vya juu ya behewa. Majibu yakatoka mazuri mno. Mwalimu akanitazama, akamwaga vyote, akanirudisha kwenye theluji na sepetu nichote juu, kati na chini. Hadi leo majibu mazuri mno hunitia shaka.

Kipimo kinachomjibu mjomba ni cha Wajapani. Chukua gramu 200 za vipande vya milimita 20 hivi, vichome kwa nyuzi 1100 kwa saa 2 huku ukipuliza kabonidayoksaidi, maana ndiyo gesi inayoila koki tanuruni. Tuseme zimebaki gramu 150: robo imeliwa. Zungusha hizo mara 600, chekecha kwa tundu la milimita 10. Zikibaki gramu 96, ni asilimia 64 ya zile 150, na wenye matanuru makubwa watakupokea. Chini ya asilimia 60 wanaanza kununa. Nimeona koki yenye mlio safi ikitoka humo imelegea kama mkate uliolowa.

Majivu na salfa navyo hupimwa. Majivu yanadai chokaa zaidi na kuongeza takamavi, yaani taka iliyoyeyuka inayoelea juu ya chuma. Salfa huingia kwenye chuma, kikafuliwa moto kikapasuka.

Kwa makaa ya kwenu, mlio bado haujafika zamu yake; kwanza tujue kama yanaweza kuwa koki. Twanga gramu 1, itie kwenye kikombe cha udongo chenye kifuniko, ipashe moto mkali. Ikishikana na kuvimba kama kitumbua, tuna la kuzungumza. Ikibaki unga, hayo ni ya kuchemshia maji ya mitambo ya umeme.