Gogo la bibi wa ng'ambo ya korongo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni: "Kwenu kuni zinauzwa bei gani, na kwa nini bei inatofautiana mkoa hadi mkoa?" Nimelisoma nikiwa jikoni, nikaliacha, jioni nikalirudia. Nimeishi mikoa mitatu, bei ninazo na nitawapa. Ila neno lililonichoma ni hilo "zinauzwa". Nilikozaliwa mimi, upande wa Kishapu mkoani Shinyanga, kuni hazikuwa za kuuzwa. Mtu akikosa, unamgawia. Aliyemuuzia jirani yake kuni angesemwa kisimani mpaka ahame.

Basi nianze na mlichouliza. Mafinga, ninakofundisha sasa, tumezungukwa na Shamba la Miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi, misindano (paina) na milingoti (mikaratusi) kila unakogeuka. Kiwanda kikipasua gogo, mbao zinasafirishwa na mabanzi yanabaki, na hayo mabanzi ndiyo kuni zetu. Guta moja lililojaa nimelinunua juzi kwa shilingi 15,000, nami napikia watu sita. Mlingoti mkavu uliopasuliwa ni ghali zaidi, na ni haki yake. Banzi la msindano lina utomvu, linashika upesi, linaisha upesi, na sufuria inabaki na masizi ambayo hata mchanga hauyatoi. Mlingoti ukiutia asubuhi, mchana bado kaa lipo. Kuna viwanda pembezoni mwa mji ambako mabanzi huchomwa moto ili tu yasizibe njia. Nikipita pale roho inaniuma, na nitaeleza kwa nini.

Mdogo wangu anauza chakula Mbagala. Yeye hununua fungu la vipande vitano kwa shilingi 1,000, na sufuria moja ya maharage inakula fungu na nusu. Mabanzi yanayochomwa huku yangemfaa sana, lakini lori la kuyafikisha Dar es Salaam litakunywa mafuta kuliko thamani ya mzigo, na njiani kuna hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kuna ushuru, kuna vizuizi. Kuni ni nzito na bei yake ni ndogo, kwa hiyo unacholipia zaidi ni mwendo. Hilo ndilo jibu langu kwa sehemu ya pili ya swali lenu.

Urambo, mkoani Tabora, nililiona jambo hilo likigeuka mbele ya macho yangu. Nilifika mwaka 1994, jirani yangu akiokota kuni nyuma ya nyumba za walimu. Lakini tumbaku ya kule hukaushwa kwa moto kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia, na bani halishibi. Naondoka mwaka 2003, kuni zilikuwa zinakuja kwa baiskeli, zimefungwa kwa mpira, na kijana anayezisukuma ametoka nazo porini alfajiri. Miti ilikuwa bado ipo Tabora, tele. Ilikuwa imesogea.

Kwetu haikusogea. Iliisha.

Wazee walitusimulia kwamba palikuwa na msitu. Wakoloni waliufyeka ili kuwaondoa mbung'o, pamba ikaja ikataka nafasi, mifugo ikaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, yale malisho ambayo watu walikuwa wakiyafunga kwa ajili ya kiangazi. Nilipopata akili, ukipanda kichuguu unamwona mgeni tangu akiwa mdogo kama sisimizi, na unaweza kumngoja nusu saa kabla hajafika. Tulipikia mabua ya mtama, miti ya pamba, minyaa iliyokauka ambayo moshi wake unawasha macho, na mavi ya ng'ombe. Mama alijua kabisa kwamba kila kipande cha mavi kinachoingia mekoni kimetolewa shambani. Mtama nao ulionyesha: kila mwaka masuke yalizidi kuwa mafupi.

Bibi yangu mzaa baba alifariki Machi 1983, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Wanaotoka kule wataelewa nikisema Machi. Pamba huvunwa katikati ya mwaka, na miti yake lazima ing'olewe na kuchomwa kabla ya msimu mpya, kwa hiyo hata ile michache tuliyoificha kwa ajili ya jiko ilikuwa imekwisha. Mabua yalikuwa yameoza kwa mvua. Mavi ya ng'ombe yalikuwa uji zizini. Na watu walikuwa wanakuja, ukoo wa Maswa, ukoo wa Meatu, wengine kwa miguu, na kwetu mtu hatembei siku nzima kuja msibani halafu arudi na njaa.

Siku ya kwanza mama na shangazi walichoma paa la banda la mbuzi, fito moja moja. Siku ya pili waliingiza mchi wa zamani, kisha kinu chenyewe, kisha miguu ya kitanda cha baba. Dume lilikuwa limechinjwa, nyama iko kwenye masufuria, nusu imechemka na nusu imekataa. Ugali ulitoka mbichi katikati. Shangazi yangu mkubwa alikuwa anausonga huku analia, na watu walidhani anamlilia mama yake. Mimi nilikuwa chini pale nikichochea, nikasikia anachosema: "Watakula ugali mbichi kwa mama yangu. Watakula ugali mbichi." Alikuwa anakisema kwa kila mzunguko wa mwiko.

Asubuhi ya siku ya tatu tukasikia mnyororo. Ng'ambo ya korongo aliishi bibi mmoja mjane. Alikuja na wajukuu zake wawili na jozi ya maksai, na maksai walikuwa wanakokota gogo la mgunga kwa mnyororo wa plau. Lilikuwa refu kama mtu mzima, na mimi nisingeweza kulikumbatia nikakutanisha mikono. Kila mtoto wa pale alilijua gogo lile. Lilikuwa limelazwa chini ya kihenge chake, juu ya mawe matatu lisiguse ardhi, na kila wiki alimwaga majivu kuyazunguka mawe ili mchwa wasipande. Tulikatazwa hata kulikalia. Lilikuwa gogo la msiba wake mwenyewe. Mumewe alilikata kabla hajafa, miaka ambayo mgunga wa ukubwa ule ulikuwa bado unapatikana, akamwambia usije ukazikwa na watu wana njaa.

Alilifikisha uani, akafungua mnyororo kwa mkono wake. Baba akatoka, akasimama, akasema, "Mayu," yaani mama, "hili hatuwezi kulipokea." Akamjibu, "Baba, mimi bado napumua. Aliyelala ni huyu." Kisha akaomba shoka liletwe.

Wanaume wanne walipokezana. Ndani lilikuwa jekundu, kavu kabisa, na harufu yake ninaweza kuitofautisha hadi leo hata nikiwa katikati ya moshi wa msindano. Vipande viliingia mekoni vikawaka karibu bila moshi. Shangazi akasonga ugali upya, ukaiva. Watu walikula hadi matanga yakaanuliwa. Makaa ya mwisho tuliyazima kwa maji tukayahifadhi kwenye chungu, na vile vibanzi vilivyoruka wakati wa kupasua, vidogo kama kucha, sisi watoto tuliamriwa kuviokota vyote hadi cha mwisho. Usiku ule mama alimwambia baba mbele yetu: hili ni deni.

Nimekaa sana hapo, mnisamehe, lakini sijui namna ya kuzungumzia bei ya kuni bila gogo lile.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tuliouita HASHI, baada ya Mwalimu Nyerere kuiona hali ya mkoa. Kwanza walituletea miche ya kupanda. Kilichofaulu zaidi kilikuwa kile cha wazee wetu, ngitili: eneo linafungwa, ng'ombe wasiingie na shoka lisiingie. Visiki tulivyodhani vimekufa vikachipua. Mizizi ilikuwa hai ardhini miaka yote ile tukipikia mavi juu yake. Dagashida, baraza letu la jadi, ikapanga faini, sungusungu wakazisimamia bila kumwonea mtu haya. Mradi unaanza, ngitili za mkoa mzima zilikadiriwa hekta 600 hivi. Unafungwa mwaka 2004, zilikuwa zimeongezeka mara nyingi sana.

Bibi wa ng'ambo alifariki Agosti 1999. Niliomba ruhusa Urambo nikaenda. Baba alikwenda kwenye ngitili ya kijiji kutafuta gogo, kamati ikamwambia lipo la mgunga, jembamba, ila linalipiwa. Akalipa. Akapewa stakabadhi yenye mhuri, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Nilikasirika mno. Nikasema mbele ya wazee kwamba kijiji kizima kilikula ugali wa gogo la bibi huyu, iweje leo kuni za msiba wake zitolewe stakabadhi? Mwenyekiti wa kamati, niliyesoma naye darasa moja, aliinamisha kichwa. Baba akanivuta pembeni. "Mwaka ule tungekuwa na fedha," akasema, "tungenunua wapi?"

Sikumjibu siku ile. Nimeanza kuwaandikia nikitaka kusema kuni zisiuzwe, ni kama maji ya kunawa, na kwamba bei za mikoa zinatofautiana kwa sababu watu wameacha utu. Nimefika hapa na mkono umekataa kuliandika. Zile za bure ndizo zilizoisha. Zilizowekewa kamati, faini na bei ndizo zilizorudi. Na mabanzi ya Mafinga yanachomwa ovyo kwa sababu bei yake haimtoshi mtu kuyabeba.

Kwa hiyo nasema ziuzwe. Lakini fedha ibaki kwa kijiji chenye msitu, isiishie kwenye vibali na vizuizi vya barabarani. Mama anayeokota matawi makavu kwa mzigo wa kichwa asidaiwe kitu, kwa sababu si yeye aliyemaliza misitu yetu. Na kuni za msiba zitolewe bure na kamati, ziandikwe daftarini na zisidaiwe, ingawa najua baba angenipinga hata hapo.

Kuhusu gesi, najua wasomaji wengine watanijibu kwa gesi. Ninao mtungi wa kilo 6 na ninautumia. Serikali ilipozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, niliunga mkono, na lile lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034 ningependa lifikiwe kabla. Ila mtungi unajazwa kwa elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na fungu la kuni ni elfu moja. Mwenye elfu moja leo hapiki kwa mtungi. Wala sijaona bado mtungi uliopikia matanga ya watu mia nne.

Jana nilimpigia kaka yangu simu kuulizia bei ya nyumbani ili niwajibu kikamilifu. Mzigo wa kichwa pale kijijini ni shilingi 3,000, mgunga unazidi kidogo. Nikamuuliza kama chini ya kihenge cha mama kuna gogo. Akasema lipo, na majivu anamwaga yeye.

Mwalimu, Mafinga