Kabla hamjaandika barua ya kuomba ukumbi wa chuo, nendeni mkakae ndani yake

Kila muhula ukianza naona kitu kile kile, kikundi cha tamthilia, kwaya, wacheza densi, wote wanagombania ule ukumbi mkubwa wa mahafali kwa sababu ni mkubwa na ndio wenye jina pale chuoni. Mi nimefanya hizi kazi za jukwaa tangu nikiwa mwanafunzi, nikianzia kuvuta pazia na kubeba viti, na mpaka leo nasaidia vikundi vya vyuo kupanga maonyesho, na ushauri wangu wa kwanza haujawahi kubadilika: nenda kwanza ukakae kwenye huo ukumbi ukiwa mtupu, na uutumie mwili wako kuupima.

Simama katikati ya jukwaa, piga kofi moja kali halafu nyamaza kabisa. Kofi likirudi kutoka ukuta wa nyuma kama kofi la pili linalojitegemea, hapo tamthilia yenu ina kazi. Sikio linaanza kutenganisha sauti mbili pale ya pili inapochelewa kwa karibu sehemu 1 ya 20 ya sekunde, na sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta mtupu ulio mita 10 tu mbele yako unatosha kuwachanganyia watu maneno. Likiwa halirudi ila linabaki linavuma hewani, hesabu linachukua muda gani kufa. Kwa maneno ya kuongea mnataka sekunde 1 au chini ya hapo, okestra kubwa inapendeza kwenye sekunde 2 hivi, na kwaya isiyo na vyombo inaweza kuvumilia hata zaidi. Ndo maana ukumbi ule ule kwaya wanausifia na waigizaji wanaulalamikia, na wote wanasema kweli!

Kuna kisa napenda sana kuwapa vijana. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard, kule Marekani, walikuwa na jumba jipya la sanaa, Fogg, lenye ukumbi wa mihadhara ambao ndani yake mzungumzaji alikuwa haeleweki kabisa, neno likitamkwa linabaki hewani sekunde 5 na nusu hivi, yaani linayakuta maneno mengine njiani. Wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Yeye alichofanya ni kuchukua mito ya viti, maana mito inakunywa sauti, kutoka ukumbi mwingine wa chuo hicho hicho, akawa anafanya kazi usiku kukiwa kimya, anapiga bomba la kinanda, anapima sauti inachukua muda gani kupotea, anaongeza mito, anapima tena. Huko ndiko ilikotoka kanuni ambayo mafundi wa sauti wanaitumia mpaka leo, na ndiyo ilitumika kujenga ukumbi wa muziki wa Symphony Hall, Boston, uliofunguliwa 1900. Kinachonigusa mimi ni kwamba kazi yote hiyo ilianzia kwenye ukumbi mbovu wa chuo, na dawa yake ilikuwa kitambaa!

Kwa hiyo msikate tamaa mapema. Mapazia mazito ukuta wa nyuma, mazulia mliyoazima, vinasaidia kweli. Na watu wenyewe wanakunywa sauti, nguo na miili, hasa zile sauti kali za juu, kwa hiyo fundi sauti akipima maiki mchana ukumbi ukiwa mtupu mwambieni asizikate sana zile za juu, usiku watu wakijaa zitapungua zenyewe na mtabaki na sauti nzito iliyofunikwa.

Baada ya masikio, miguu. Tembea mpaka kiti cha mwisho kabisa pembeni, kaa, mwambie mwenzako asimame jukwaani akukasirikie bila kutoa sauti. Ukiona hasira yake, sawa. Kuanzia mita 20 hivi uso wa mtu unaanza kupotea, unabaki na mikono na mabega tu, na kama igizo lenu ni la watu wawili wanaonong'onezana jikoni basi chukueni kile chumba kidogo cha maonyesho chenye kuta nyeusi ambacho viti vinahamishika, hata kama kinaingiza watu 80. Nimekaa kwenye vyumba vile nikaona ukumbi mzima umeacha kupumua kwa sababu ya binti mmoja anakunja barua, ni karatasi tu ile, na kila mtu aliisikia ikikunjwa. Ukumbi wa mahafali hauwezi kukupa hicho hata uweke maiki ngapi.

Wacheza densi, nyie angalieni sakafu kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni mbao au plastiki imelazwa juu ya zege moja kwa moja, magoti na miundi italipa, tafuteni sakafu inayonesa.

Wachoraji nao wana balaa lao, wanapewa korido yenye madirisha makubwa na wanafurahi kwa sababu kuna mwanga. Mwanga ndio adui wa karatasi! Makumbusho wanaweka kazi za karatasi, rangi za maji na vitambaa kwenye laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), za rangi za mafuta kama 200, wakati jua la mchana likipiga moja kwa moja linafika laksi 100,000 na rangi ikishapauka hairudi. Ombeni ukuta usiopigwa na jua, na mnapotundika, katikati ya picha ikae kama sentimita 150 kutoka sakafuni, picha zote kwa kipimo hicho, msipange kwa kingo za juu. Taa zielekezwe kwa nyuzi 30 hivi kutoka wima ili kioo cha fremu kisimrudishie mtazamaji mwanga wa taa machoni.

Halafu kuna fundi wa ukumbi. Mtafuteni mapema, msalimieni, muulizeni yeye angeweka nini wapi, maana anajua ni taa gani inakata, ni feni gani inaunguruma mpaka inameza sauti, ni nani ana ufunguo wa chumba cha swichi siku ya Jumapili. Ombeni muachiwe ukumbi usiku wa kabla ya onyesho, kufunga taa na kuzielekeza kunakula masaa mengi kuliko watu wanavyodhani. Na huo mlango wa nyuma unaopitisha mizigo, upimeni kwa futi kamba kabla hamjapigilia msumari wa kwanza kwenye mbao za seti, yaani mandhari ya jukwaani.