Injini ya trekta la zamani imeshika, haizunguki

SWALI: Fundi habari, nimepata trekta la zamani la dizeli, limekaa nje miaka mingi bila kuwashwa. Injini haizunguki hata kidogo na nati za manifoldi (bomba la moshi linalofungwa kwenye injini) zimeliwa na kutu. Jamaa yangu anasema niweke gia nivutwe na trekta lingine, litaachia tu. Niko sawa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, ila nakuomba usilivute. Mara nyingi inayoshika ni pistoni moja au mbili tu, zile ambazo valvu ilibaki wazi maji yakapata njia, sasa ukivuta nguvu yote inaishia hapo, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka) inapinda, ringi zinakatika, na kama kuna valvu imeganda ikiwa wazi pistoni inaigonga, na pushrodi (fimbo inayosukuma valvu) nayo inapinda, na spea za chombo cha zamani unajua zenyewe zinavyosumbua.

Anza kwa kufungua stata. Meno yake yakinasa kwenye flaiwili (lile gurudumu zito la meno nyuma ya injini) injini inaonekana imeshika kumbe haina shida. Toa na mkanda, weka nyutro.

Kama bado, toa nozo zote (zinazopuliza dizeli) umimine dawa ya kulegeza kutu kila silinda, au changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, tikisa vizuri kabla ya kumimina maana havikai pamoja, na moto usisogee hapo kabisa. Acha siku kadhaa, ikinywea ongeza. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe ndo maana inabana hivyo, inataka muda wa kulowana, nguvu haiisaidii.

Alafu fungua kava ya valvu uwe unaziona, tia mtaimbo kwenye meno ya flaiwili usukume mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo, yaani hata ikicheza upana wa ukucha umeshashinda, endelea hivyohivyo na oili. Bolti ya puli ya krenki usiitumie kwa nguvu, inakatika.

Ikigoma kabisa ndo unatoa silinda hedi. Safisha kwanza kutu iliyo juu ya pistoni, kisha gonga kwa kipande cha mti mgumu, lakini gonga zile zilizo katikati ya silinda tu, iliyo juu kabisa au chini kabisa konrodi yake imesimama wima, utapiga mpaka jioni unaumiza beringi bure. Na kama injini ina slivu za kuchomoka (maganda ya silinda) zibane kwa bolti na washa, vile visahani vya chuma vya kuwekea bolti, la sivyo krenki ikizunguka zinapanda na pistoni.

Nati za manifoldi: piga brashi ya waya, pasha moto nati yenyewe sio bolti, ikianza wekundu acha ipoe kidogo ugusishe mshumaa, nta inaingia kwenye uzi. Kaza kidogo kwanza ndo ulegeze. Manifoldi usiipige nyundo, chuma chake kinapasuka. Na tafadhali sana, usipashe moto sehemu uliyopuliza dawa ya kusafishia breki, zile zenye klorini zinatoa gesi ya kuua.

Ikishazunguka usiwashe bado, ile dawa yote imeshuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), mwaga oili uweke mpya, zungusha kwa mkono nozo zikiwa nje mpaka valvu zote uzione zinapanda na kushuka.