Judo na uwezo wa mtoto wa kutatua matatizo

Umeuliza kama judo humfundisha mtoto kutatua matatizo au humzoesha ugomvi tu. Kwa maoni yangu humfundisha, hasa katika randori, yaani mazoezi huru ambayo Jigoro Kano, aliyeasisi judo mwaka 1882, aliyathamini sana. Mtazame mtoto aliyeshikwa ukosi na mwenzake aliye mzito kuliko yeye: akisukuma kwa nguvu anashindwa, akirudia anaangushwa tena, mpaka agundue kwamba akirudi nyuma hatua moja huku akivuta, uzito ule ule wa mwenzake unamsaidia. Ila mwalimu asikimbilie kumpa jibu; amuulize kwanza, "Umeangushwaje?", kisha amwache afikiri, hata kama kimya hicho kitachukua muda.