Siku za kwanza juu ya enduro mpya: rekebisha haya kabla hujaihukumu

Ndugu, malalamiko yako kuhusu enduro yako mpya, yaani pikipiki ya njia za vumbi na mawe, ni manne: kiti kiko juu mno, kwenye lami inayumba kama imelewa, kila jiwe unalisikia mgongoni, na ukienda polepole inazimika. Una siku mbili nayo na tayari wauliza kama pesa zimeingia baharini. Mimi nasema bado hujaiendesha pikipiki yako. Umeendesha pikipiki iliyopangiwa mtu mwingine, yenye upepo mwingi kwenye tairi na cheni iliyokazwa na fundi aliyezoea kukaza za boda. Hayo manne yote yanarekebishika, na mengi yake hayahitaji kununua kitu.

Hukutaja modeli, na hapo pana tofauti kubwa. Honda CRF300L ina kiti cha milimita 880, springi zinazosafiri (yaani kubonyea hadi mwisho) milimita 260 mbele na nyuma, tangi la lita 7.8, na uzito wa kilo 140 na kitu ikiwa imejaa. KTM 300 EXC ina kiti cha milimita 960 hivi, springi za karibu milimita 300, na bila petroli inazidi kilo 100 kidogo tu. Ya kwanza unaihesabia kilomita, ya pili unaihesabia saa: sevisi yake ya kwanza ni baada ya saa 1 ya injini. Ukiitunza ya saa kama ya kilomita utalia na fundi.

Tuanze na hili la bara na pwani, maana umesema uliijaribu Nairobi ndipo ikashushwa huku Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ikifika Mombasa inavuta zaidi, hata kama joto letu huipunguzia kidogo. Gurudumu la mbele likinyanyuka kwa gia ya kwanza ilhali kule lilitulia, hujaharibu kitu. Injini ya injekta hujirekebishia mafuta yenyewe. Ya kabureta haijui imeshuka: kama ilifungwa jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za bara, hewa ya hapa ni nzito zaidi na mafuta hayatoshi. Utaona inasitasita unapofungua mkono wa mafuta, inatatarika kwenye eksozi unapoufunga, na inapata moto upesi. Itoe plagi baada ya kuivuta vizuri uitazame: rangi ya chai ya maziwa ni sawa, nyeupe kavu ni njaa. Panda jeti kuu namba moja au mbili, na klipu ya sindano ishushe mfereji mmoja ili sindano yenyewe inyanyuke. Ikiwa ni injini ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili tangini, usiiendeshe hivyo hata siku moja, kwa sababu petroli ndiyo inayobeba oili ya kulainisha silinda. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua, na pistoni itashika. Mchanganyiko wenyewe pima kwa chupa yenye alama: 60 kwa 1 ni mililita 167 kwa lita 10 za petroli, 40 kwa 1 ni mililita 250. Kifuniko cha chupa ya soda si kipimo.

Sasa kuzama kwa springi ya nyuma, yaani inavyobonyea kwa uzito. Hapa ndipo penye dawa ya mgongo wako, na ya kiti kirefu kwa sehemu. Springi za kiwandani, hasa za KTM EXC, zimekusudiwa mtu wa kilo 75 hadi 85. Ukiwa na 60 unakalia mwiba. Ukiwa na 100 nyuma inalala, mbele inapanda, na kona hazishiki.

Unahitaji futi ya chuma na watu wawili wa kukusaidia. Weka pikipiki kwenye stendi ya kuinulia au kreti imara, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli kwenda juu wima hadi alama ya teipu uliyoibandika kwenye plastiki ya nyuma. Hiyo ni A. Ishushe chini, isimame wima peke yake, ibonyeze mara mbili tatu iachie, pima tena: B. Kisha vaa kila kitu unachovaa njiani, pamoja na buti, helmeti na begi la maji, panda usimame juu ya vikanyagio, ruka kidogo, halafu kaa pahali pako pa kawaida huku mtu akikushikilia hendeli. Pima: C. Tuseme A ni 600, B ni 565, C ni 498. Kuzama ikiwa peke yake ni 35, na ukiwa juu ni 102. Kwa springi inayosafiri milimita 300 hizo ni namba nzuri, maana unatafuta theluthi moja hivi, kati ya 95 na 110. Kwa CRF300L lenga 80 hadi 90.

Kama kuzama ukiwa juu hakufai, legeza ringi ya juu ya kufungia kwenye shoku ya nyuma, safisha nyuzi kwa brashi na mafuta kidogo, kisha zungusha ringi ya kurekebishia mzunguko mmoja mmoja na upime kila mara. Usiipige kwa patasi. Ringi ya alumini hukatika meno na hutaipata dukani Mwembe Tayari. Ukishapata C, rudi kwenye B. Hiyo ndiyo inayokwambia kama springi yenyewe ni yako. Ukipata 102 ukiwa juu lakini ikiwa peke yake inazama 15 tu, springi ni laini mno kwako na umeikandamiza kupita kiasi, nunua nzito. Ikizama 50 peke yake, springi ni ngumu kuliko uzito wako. Watu wengi huishia kwenye C, kisha wanashangaa kwa nini pikipiki inarusha nyuma kama punda.

Skrubu za kurekebisha springi inavyobanwa na inavyorudi, kama yako inazo, ziguse baadaye. Zungusha kila moja kwenda kulia taratibu hadi iishe, ukihesabu mibofyo, andika namba, irudishe ilipokuwa. Kwa mawe, fungua ya kubana mibofyo 2 kutoka ya kiwandani, mbele na nyuma, jaribu njia ile ile, kisha 2 tena ukihitaji. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na kama foki zako (mabomba ya springi za mbele) zina skrubu ndogo za kutolea hewa juu, zifungue kidogo gurudumu la mbele likiwa hewani na foki zikiwa baridi. Jua na kazi hupasha hewa iliyofungiwa ndani, na foki zinakuwa ngumu bila sababu nyingine yoyote.

Kiti kirefu, usikate sponji kwanza. Baada ya kuzama vizuri utapata sentimita kadhaa za bure, na zilizobaki ni mazoea: unaposimama, shuka tako moja upande, mguu mmoja chini, mwingine kwenye breki. Chagua upande wa ardhi iliyo juu. Stendi ya pembeni nayo huzama mchangani, kwa hiyo beba kibao au bati la ukubwa wa kiganja.

Tairi. Nyingi hutoka dukani zimejazwa upepo wa safari, na hapo zinadunda kama mpira. Kwa lami weka namba ya kiwanda, ambayo kwa pikipiki kama CRF300L ni psi 22 hivi. Ukiingia vumbini shusha hadi 13 au 14 kama una kibano cha rimu, kile kinachoishika tairi isizunguke juu ya rimu. Kwa mchanga mwingi, 10 hadi 12. Bila kibano usiende chini ya 15, maana tairi itateleza juu ya rimu na kung'oa vali ya tyubu. Nati ile ya vali usiikaze dhidi ya rimu, ipandishe ikutane na kifuniko. Ikiwa tairi imeteleza utaiona vali imelala upande, na utaiwahi kabla haijakatika. Mawe ya matumbawe yanataka kinyume cha mchanga. Yana ncha, na tyubu laini hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili sambamba, kama kuumwa na nyoka. Huko 16 hadi 18. Geji ya mafundi wa barabarani haisomi vizuri chini ya 20, nunua ndogo ya kwako.

Kuyumba kwenye lami ni meno marefu ya tairi yanayopinda, na upepo huo mwingi, na mikono yako inayokamata hendeli kama kamba ya mbuzi. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti. Juu ya Daraja la Nyali upepo wa kusi ukipiga ubavuni, pikipiki nyepesi yenye kiti kirefu itasogea. Hilo halina dawa ila mwendo. Kwenye kabro iliyolowa meno hayo hayashiki kabisa. Lakini ikiendelea kuyumba kwa psi 22 na mikono ikiwa imelegea, nyanyua mbele usikilize beringi za shingo na uzikague spoki.

Spoki za pikipiki mpya hujikalia. Nusu saa ya kwanza ikipita, zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hubwata. Kaza robo mzunguko, si zaidi, na zunguka rimu nzima. Rudia kila safari hadi zitulie.

Cheni nimeitaja mwanzoni kwa sababu ndiyo kosa linalogharimu. Springi ya nyuma ikibonyea, sproketi ya mbele, pivoti ya mkono wa nyuma (unaoshika gurudumu) na ekseli hufika mstari mmoja, na hapo cheni ndipo inapokaza kuliko pengine popote. Kwenye enduro safari hiyo ni ndefu, kwa hiyo cheni lazima ionekane imelegea mno pikipiki ikiwa imesimama. Fundi akiikaza kama ya Boxer, inakuwa chuma kila unaporuka tuta, na inakula beringi ya shafti ya mbele na sili yake. Fuata stika iliyo kwenye mkono wa nyuma. Mwambie fundi kabla hajashika spana.

Kuzimika: injini hizi zina flaiwili (gurudumu la ndani linaloendeleza mzunguko) nyepesi na gia ya kwanza fupi, kwa hiyo mzunguko ukishuka zinakufa ghafla. Pandisha kidogo mzunguko wa kutulia kama una skrubu yake, na weka kidole kimoja kwenye klachi wakati wote wa njia ya mawe. Levi zishushe hadi viganja viwe mstari mmoja na mikono ukiwa umesimama. Bolti za kushikilia levi zifunge kiasi kwamba levi ikipigwa na ardhi izunguke badala ya kuvunjika. Kanyagio la gia lipandishe, buti ni nene. Nikitazama wanaolalamika kuwa enduro inazimika, wengi wanaiendesha wamekaa, kidole kikiwa mbali na klachi.

Kwa Honda, kilomita 500 za mwanzo usiivute kwa nguvu, na oili ya kwanza ni kilomita 1,000. Breki mpya zitulize kwa kusimama polepole mara kumi hivi kutoka kilomita 40 kwa saa. Kwenye foleni ya feri ya Likoni zima injini, rejeta ya enduro inataka upepo. Au pita Dongo Kundu uingie Kwale bila feri. Barabara za udongo za Kwale na Rabai zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Ndani ya hifadhi ya Shimba Hills usiingie na pikipiki.

Ufukweni nako achana nako. Kasa wanataga huko, na chumvi inaingia kwenye nipeli za spoki na viungo vya chini vya shoku, ambavyo mara nyingi hutoka kiwandani na grisi kidogo sana. Vifungue mapema, jaza grisi isiyoogopa maji, vifunge. Hata bila kuguswa na bahari, hewa ya kisiwani inatosha kula nati kwa miezi. Osha kwa maji matamu ya bomba, si mashine ya shinikizo kwenye beringi. Chujio la hewa la sponji lioshe baada ya kila safari ya vumbi kwa mafuta ya taa kisha sabuni, lisiguswe na petroli kwa sababu huachanisha gundi, likauke kabisa, ndipo ulitie oili yake. La karatasi halioshwi, linabadilishwa.

Begini weka tyubu ya inchi 21. Ikibidi inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18, ikufikishe nyumbani. Ongeza loki mbili za cheni, levi ya klachi, pampu na tairi-leva tatu.

Ukishapima, andika hapa A, B, C, uzito wako ukiwa umevaa, na modeli. Kwa namba hizo tutajua kama ni springi au ni hewa tu.