Jibu: Kuvu nyuma ya kabati, na kiyoyozi kipo

Dada, umeuliza kwa nini ukuta wa nyuma ya kabati unaota kuvu wakati kiyoyozi kinawaka usiku kucha. Hicho cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ileile ya ndani. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, na mlango wa kati uuwekee kizuizi usijibamize, robo saa asubuhi na jioni. Kwa sisi wa Dar, wakati wa kusi dirisha la kusini-mashariki ndilo linaloingiza upepo. Kabati lisogeze, liache upana wa kiganja. Nguo mbichi usianike ndani (najua, mwenye nyumba hataki kamba barazani). Na kama mnapikia mkaa humo, hamishieni nje leo leo. Ile hewa ya sumu haina harufu.